Treni za mvuke za milimani Colorado: nipande ipi? Na sisi Kigoma tutabaki na nini SGR, reli mpya ya kisasa, ikifika?

Kijana_wa_Mwanga (Kigoma)

Wakuu habari za muda huu. Nina maswali matatu yamefungamana, naomba mwenye kujua hata moja tu anisaidie.

Mdogo wangu wa kike anamaliza chuo Colorado, Marekani, mwezi wa tano, viza nimepata, nitahudhuria mahafali yake na nitakaa huko mpaka katikati ya mwezi wa sita. Mimi toka utoto ni mtu wa treni, marehemu baba alikuwa gadi reli ya kati, sisi pale nyumbani tulikuwa tunajua treni imechelewa kabla hata stesheni hawajatangaza. Sasa nimesoma kwamba huko Colorado kuna reli mbili nyembamba zinazopanda milima na mpaka leo zinavutwa na vichwa vya mvuke, na sio vile vya kuwekwa kwenye uzio watu wapige picha, hapana, vinabeba abiria kabisa. Moja inatoka Durango kwenda Silverton, ya pili inaitwa Cumbres & Toltec, inatoka Chama upande wa New Mexico inakwenda Antonito upande wa Colorado. Nauli na muda vinaniruhusu moja tu. Nipande ipi?

La pili, hivi wanawezaje? Kichwa kimetengenezwa 1925, kiwanda kilichokitengeneza kimeshakufa, spea hazipo dukani, alafu bado kinapanda mlima na watu nyuma. Nataka kuelewa kwa undani, sio kwa juujuu.

La tatu ndo linanikosesha usingizi. SGR inakuja Tabora hadi Kigoma, na mimi naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini hii reli ya geji ya mita (geji ni upana kati ya vyuma viwili vya reli) ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar 1905, ikafika Tabora 1912 na hapa kwetu ikafika Februari 1914, ile stesheni yetu pale mwisho wa barabara ya Lumumba ukitazama ziwa, hivi vitabaki kama nini? Kuna mtu anawaza hilo au tutaamka siku moja tukute mataruma yamegeuzwa milango ya mabanda ya ng'ombe?

Mtoto_wa_Isevya (Tabora, kwa sasa niko Denver)

Mkuu karibu sana. Zote mbili nimepanda kwa hiyo nakwambia ya macho yangu. Zote zina geji ya futi tatu, yaani milimita 914, nyembamba kidogo kuliko ya kwetu ya milimita 1000, na zote zilijengwa na kampuni moja ya zamani, Denver & Rio Grande, enzi za migodi ya fedha na dhahabu. Walichagua nyembamba kwa sababu mlimani geji ndogo inakata kona kali, unachonga mwamba kidogo, handaki linakuwa dogo, gharama inashuka.

Ya Durango ilifika Silverton Julai 1882, ina kilometa kama 72, inafuata mto Animas kwenye korongo, kuna sehemu treni imebandikwa kwenye ukingo wa mwamba na mto uko chini kabisa, ukichungulia unashika chuma bila kuambiwa. Ukipanda hiyo kaa upande wa kulia wakati wa kwenda, huko ndo kwenye mto. Hiyo ni maarufu zaidi na watu ni wengi, na mji wa Durango umejengeka, hoteli kibao.

Ya Cumbres & Toltec ni kilometa 103, imetulia, imebaki karibu ilivyokuwa. Inapita Cumbres, mita 3,053 juu ya usawa wa bahari. Kutoka Chama unapanda karibu mita 650 ndani ya kilometa kama 22 tu, mwinuko wa asilimia nne, na hapo ndo utasikia kichwa kinafanya kazi aisee, kila pigo la moshi unalisikia kifuani. Reli yenyewe inavuka mpaka wa majimbo mawili mara 11. Katikati mnashuka sehemu inaitwa Osier, hakuna kijiji wala duka, ni mlima na upepo, mnapewa chakula cha mchana kipo ndani ya nauli, alafu mnaendelea.

Kwa mtu uliyelelewa na gadi, mimi nakwambia nenda Cumbres & Toltec. Sababu yangu ni hii: pale Chama unaruhusiwa kuzunguka yadi, unaona tangi la maji, unaona sehemu ya kupakia makaa, unaona vichwa vinaandaliwa asubuhi, na mafundi wanakujibu ukiuliza. Ila angalia tarehe. Huko theluji inakaa sana, treni zao zinaanza mwishoni mwa Mei au Juni na kuisha Oktoba, kwa hiyo usiende mara tu baada ya mahafali, subiri Juni.

Mambo madogo ambayo hakuna atakayekwambia: usivae nyeupe, vaa miwani hata kama macho yako mazima, maana vipande vya makaa vinaruka na behewa la wazi ndo tamu kuliko yote. Sweta lazima hata kama Denver ni joto. Na maji, kunywa maji mengi toka jana yake, wewe unatoka ziwani chini, huko juu ya mita elfu tatu kichwa kinauma na pumzi inakuwa fupi.

Kijana_wa_Mwanga

Kaka ubarikiwe sana. Nimeshamwandikia mdogo wangu akate tiketi ya Juni. Hapo kwenye kuzunguka yadi umenimaliza kabisa. Sasa hilo la pili, wanawezaje?

Mtoto_wa_Isevya

Historia ya hiyo ya Cumbres kwanza kwa kifupi. Miaka ya 1960 mwishoni mizigo iliisha, kampuni ikataka kung'oa reli yote iuze chuma. Watu wakapiga kelele, na mwaka 1970 majimbo mawili, Colorado na New Mexico, yakainunua ile sehemu ya mlimani pamoja na vichwa, mabehewa na majengo ya yadi. Ni mali ya umma mpaka leo. Na kuna chama cha wapenzi wa reli hiyo ambao kila kiangazi wanakuja wenyewe kwa kujitolea, wazee wengi na wake zao, wanapaka rangi mabehewa, wanabadilisha mbao, wanaziba mapaa. Nimewaona kwa macho, mtu ana miaka zaidi ya sabini yuko chini ya behewa na spana.

Kuhusu vichwa, sheria ya shirikisho inasema kichwa cha mvuke kikifanya kazi siku 1,472, au ikipita miaka 15, chochote kinachotangulia, lazima boila lote (tangi linalochemsha maji kuwa mvuke) lifunguliwe likaguliwe, chuma kipimwe unene sehemu kwa sehemu. Hakuna kubembelezana hapo. Mambo ya ndani ya boila waulizeni wenyewe mafundi, mi naishia hapo.

Fundi_Mstaafu_Tbr (Tabora)

Vijana nimewasoma tangu mwanzo, nashukuru kuna watu bado wanauliza haya. Mimi nimefanya karakana hapa Tabora, nilianza kama msaidizi wa fundi boila wakati mvuke unaelekea mwisho na dizeli zimeshashika njia, kwa hiyo nilichokipata ni kutoka kwa wazee waliokuwa wanaondoka, na kile kidogo nilichokipata sijakisahau.

Mwanangu wa Mwanga, unauliza wanawezaje. Chuma cha kichwa cha mvuke kinavumilia kuliko unavyodhani. Kina sehemu chache na karibu zote fundi mzuri anaweza kuzitengeneza mwenyewe akiwa na tanuru, mashine ya kukereza na mtu wa kumwaga shaba. Spea haziko dukani, ndiyo, na hata zamani nyingi hazikuwa dukani, zilitengenezwa karakana. Bushi ikiisha unamwaga nyingine. Mabomba ya boila yakioza unayang'oa unaingiza mapya unapanua midomo yake mpaka yanashika. Dizeli ya kisasa ikiungua ile kadi ya umeme unakaa unasubiri meli. Kichwa cha mvuke kinasubiri mikono.

Sasa sikilizeni jambo la mlima maana hapa ndipo watu walikufa. Ndani ya boila kuna chumba cha moto, na juu ya dari la chumba hicho lazima maji yawepo wakati wote. Moto uko chini ya dari, maji yako juu, maji ndiyo yanayolinda chuma. Dari likibaki kavu dakika chache tu linakuwa jekundu, linalegea, mvuke unalisukuma chini na boila linapasuka, na hapo hakuna wa kusimulia. Kwenye tambarare kama ya Urambo hiyo kazi ni rahisi, kioo cha maji kinakwambia ukweli. Mlimani kioo kinakudanganya. Kichwa kikipanda pua juu, maji yote yanakimbilia nyuma kwenye chumba cha moto, kioo kinaonyesha yamejaa, dereva mgeni anafurahi. Mkifika kileleni mkaanza kushuka pua chini, maji yanakimbilia mbele, dari linabaki wazi. Kwa hiyo msaidizi anayejua anaanza kuongeza maji kabla ya kilele, anahesabu njia iliyobaki, na hakuna kitabu kitakachomwambia ni lini hasa, anaijua njia. Huyo kijana wa Isevya anasema njia inapanda mita 650 alafu inapita kilele, basi pale Cumbres kila siku kuna mtu anafanya hesabu hiyo na nyuma yake kuna abiria wanakunywa kahawa.

Alafu kichwa cha mvuke hakiwashwi kama gari. Unaanza na moto mdogo usiku, unaukuza taratibu kwa masaa mengi, maana chuma kikipata joto upande mmoja kinatanuka upande mmoja, boliti zinavuja, nyufa zinaanza. Na boila linafunguliwa kila mara kuoshwa matope ya chokaa. Maji ya kisima cha huku kwetu ni magumu, wazee walikuwa wanajua kila stesheni maji yake yakoje.

Mnaweza kununua kichwa kesho. Huyo mtu anayejua lini aongeze maji huwezi kumnunua, anatengenezwa na mtu mwingine anayejua, na sisi tunaojua hata kidogo tunazikwa mmoja mmoja.

Mama_Khadija

Shikamoo mzee wetu, nimesoma maneno yako mara mbili. Mimi nilisoma Coimbatore, kusini mwa India, naomba niongezee kitu ambacho wengi wetu hawakijui. Karibu na hapo kuna mji unaitwa Mettupalayam, na kutoka hapo kuna treni ya kwenda Ooty, inaitwa Nilgiri Mountain Railway. Geji yake ni mita moja, ILEILE ya kwetu. Kilometa 46, madaraja kama 250, mahandaki 16, ilifika Coonoor 1899 na Ooty 1908, na UNESCO waliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2005.

Kwenye sehemu kali kabisa mwinuko unafika mita moja kwa kila mita 12, magurudumu ya kawaida yanateleza tu hapo, kwa hiyo katikati ya reli wameweka vyuma vya meno, na kichwa kina gurudumu la meno chini linalong'ata. Kichwa kinakaa nyuma kinasukuma mabehewa juu, na kwenye kila behewa kuna mtu wa breki amesimama, wanaonyeshana bendera. Kupanda ni masaa karibu matano! Watu wanashuka kwenye vituo wananunua chai na maandazi yao yale ya dengu, nyani wanaiba, kichwa kinakunywa maji, hakuna anayelalamika.

Kilichonigusa zaidi, vile vichwa vya zamani vilitengenezwa Winterthur, Uswisi, vikachoka. Wahindi hawakusema basi. Wametengeneza vipya vya mvuke kwenye karakana yao ya Golden Rock kule Tiruchirappalli, wao wenyewe, karne hii ya 21. Na treni ile sio ya watalii peke yao, wenyeji wanapanda, enzi zangu nauli ya daraja la kawaida ilikuwa ndogo. Nadhani hiyo ndo siri, inapandwa.

Mfanyabiashara_Urambo

Nawaheshimu wote humu na mzee nakupa shikamoo. Lakini niruhusuni nitoe la moyoni kama mtu anayetumia reli hii kila msimu. Mzigo wangu umewahi kukaa wiki nzima njiani mvua ilipokata tuta la reli. Sisi huku tunahitaji treni ifike. Mnazungumzia vichwa vya makaa wakati mama mjamzito wa Usinge anategemea treni hiyohiyo kufika hospitali. Hela ya kuhifadhi itoke wapi, na nani aseme ni sawa itoke kabla tuta halijainuliwa? Alafu makaa yenyewe na cheche, msitu wa miombo kiangazi ni petroli ile, mkiwasha moto pale Kaliua nani atauzima?

Mtoto_wa_Isevya

Ndugu wa Urambo hoja ya moto ni ya kweli kabisa na wenzetu imewakuta. Mwaka 2018 kulitokea moto mkubwa sana wa msituni karibu na Durango, serikali kuu ikadai chanzo ni cheche za treni, kesi ikaisha kwa makubaliano ya mamilioni ya dola. Baada ya hapo wale wa Durango wakaanza kubadilisha vichwa vyao vya makaa vitumie mafuta, na wakaongeza dizeli za kutumia ukame ukizidi.

Fundi_Mstaafu_Tbr

Hilo la mafuta sisi tulishalimaliza zamani wanangu. Vichwa vikubwa vya East African Railways vilikuwa vya mafuta mazito. Zile Garratt (vichwa virefu vyenye seti mbili za magurudumu) za daraja la 60 zilizofanya kazi reli ya kati, mafuta. Zile za 59 za Mombasa na Nairobi, tani 252 kila moja, kubwa kuliko vichwa vyote vya mvuke vya geji ya mita duniani, mafuta. Zilikuwa 34 na kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Zimebaki mbili, ziko makumbusho ya reli Nairobi, na majina yake ni Mount Gelai na Mount Shengena. Gelai iko karibu na ziwa Natron, Shengena iko Upare. Milima ya kwetu hiyo. Pale pale kuna nyingine ndogo inaitwa Nyaturu, kabila la jirani zetu wa Singida. Mtoto wa Singida akitaka kuona chuma chenye jina la bibi yake apande basi mpaka Nairobi. Siwalaumu Wakenya hata kidogo, wametunza, Mungu awalipe.

Na huyu ndugu wa Urambo asitoke humu na huzuni, anasema haki. Tuta kwanza. Mama wa Usinge kwanza. Ninachosema mimi ni kwamba siku SGR itakapoanza kubeba mizigo yake na huyo mama, ndiyo siku reli hii itakapoanza kung'olewa usiku kama hakuna aliyepanga. Upangaji unaanza sasa, wala hauli hela ya tuta.

Mfanyabiashara_Urambo

Mzee hapo nimekuelewa. Ikiwa ni baada ya SGR na sio badala ya kukarabati, mimi sina ugomvi, na hata kuni za chai ya wageni nitaleta.

Mama_Khadija

Kuna mfano wa karibu zaidi ya India wakuu. Eritrea. Reli ya Massawa mpaka Asmara, kilometa 118, geji ya milimita 950, inaanzia baharini inapanda zaidi ya mita 2,300. Vita iliiua kabisa, reli zikang'olewa zikajengea mahandaki ya askari. Baada ya uhuru wakaambiwa na wageni gharama ni kubwa mno. Wakawaita wazee wao wastaafu wa reli, wengine wana miaka zaidi ya sabini, wakarudi, wakakusanya vyuma, wakafufua vichwa vya mvuke vya Kitaliano vya miaka ya 1930, wakafundisha vijana hukohuko kazini. Walianza 1994, na 2003 njia ikafika Asmara tena.

Kijana_wa_Mwanga

Nimekaa kimya nasoma tu, mmenipa vitu vizito.

Ngoja niseme ninachokiona kwa upande wa Kigoma. Sisi tuna stesheni ya Mjerumani imesimama. Tuna meli ya Liemba, ambayo ilitengenezwa Papenburg ikavunjwavunjwa ikaletwa kwa makasha, na makasha hayo yalifika Kigoma kwa reli hiihii. Meli ilizamishwa 1916, ikatolewa ziwani 1924, ikarudi kazini 1927, na mashine zake zilikuwa za mvuke mpaka miaka ya 1970. Tuna Ujiji hapo jirani. Hivi vitu ni hadithi moja, ukikata reli ukaacha meli na jengo umeacha sentensi haina kitenzi. Mimi siombi kilometa zote 1,250. Naomba kipande kimoja kutoka stesheni ya Kigoma kuelekea Uvinza, reli isiguswe, mabehewa machache ya zamani yasikatwe, na kichwa kimoja, hata kama mwanzo ni dizeli ya zamani. Na Tabora kuna chuo cha reli, kwanini somo la boila lisifundishwe hapo wakati wazee kama huyu wapo na wanaandika humu usiku?

Mzee wangu shikamoo. Nikifika Chama nitakuwa na siku nzima yadi. Nikuulizie nini?

Fundi_Mstaafu_Tbr

Marahaba mwanangu. Umeuliza vizuri, chukua kalamu.

Waulize boliti za kushikilia kuta za chumba cha moto wanazitengeneza wenyewe au wananunua, na kwa chuma cha aina gani. Uliza plagi ya madini ya risasi ya kwenye dari, ile inayoyeyuka maji yakipungua, wanaibadilisha baada ya muda gani. Uliza maji yao wanayatia dawa gani maana kama ya kwao ni magumu kama ya kwetu nataka kujua. Piga picha injekta (kifaa cha kusukuma maji ndani ya boila) kwa karibu, zote mbili, ya upande wa dereva na ya upande wa msaidizi. Na muulize msaidizi, sio dereva, msaidizi, anaanza kuongeza maji akiwa wapi kabla ya kilele cha Cumbres. Akikujibu kwa kukutajia jiwe au mti au kona, muulize alifundishwa na nani.

Kijana_wa_Mwanga

Nimeandika yote mzee. Nitakurekodia sauti yake, na nikirudi nitapitia Tabora kabla sijafika nyumbani.